Betri iliyoganda haichajiwi: jibu kwa dada wa Winnipeg

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Winnipeg, huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Nilisafiri siku tisa kwenda Toronto kwenye msiba, gari nikaliacha nje kwenye maegesho ya jengo letu, nikalichomeka kwenye umeme kama wote wanavyofanya huku. Nimerudi, hata taa za dashibodi haziwaki. Nje ni nyuzi 29 chini ya sifuri. Ninayo chaja niliyoachiwa na jirani aliyehama, ina swichi ya 2, 10 na 50. Mmoja ananiambia niimwagie betri maji ya moto. Mwingine anasema niweke chaja kwenye 50, nusu saa tu gari litawaka. Wa tatu anasema niibebe betri juu niichajie sebuleni. Nakaa ghorofa ya tatu na watoto wawili wadogo, na kazini wananisubiri. Nifanye lipi?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa msiba.

Wa kwanza na wa pili usiwasikilize kabisa. Wa tatu kasema nusu ya jambo. Kwa leo usichaji kitu chochote. Kazini omba lifti, panda basi, lakini chaja ya jirani iache kabatini kwanza. Betri iliyokwisha kabisa na kulala nje kwenye baridi hiyo nina karibu hakika imeganda barafu ndani, na betri yenye barafu ukiipitishia umeme inaweza kukupasukia usoni. Nikianza na hilo unisamehe, lakini ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema hapa.

Sasa turudi kwenye ule waya. Naona kwenye swali lako kuna kitu kinachokusumbua ambacho hukukiuliza: gari lilikuwa kwenye umeme siku zote tisa, itakuwaje betri iishe? Wageni wengi wa Kanada ya kati hukwama hapohapo. Ile plagi inayochungulia mbele ya gari, kama mkia ulioota upande usio wake, haiendi kwenye betri. Inakwenda kwenye hita iliyofungwa kwenye injini, sawa na ile koili ya kuchemshia maji ya chai. Kazi yake ni kupasha maji yanayozunguka ndani ya injini, injini isiwe baridi kama jiwe unapoiwasha asubuhi. Betri haipati hata tone. Gari lako lilikuwa na injini vuguvugu na betri maiti.

Kwa nini betri iliyokwisha inaganda na iliyojaa haigandi? Ndani ya betri ya kawaida ya gari mna vyumba sita, kila kimoja na sahani za risasi zilizozama kwenye maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Betri ikiwa imejaa, asidi yote imo kwenye yale maji, na maji makali hivyo hayagandi kirahisi. Yanahitaji baridi ya kama nyuzi 57 chini ya sifuri au zaidi, ambayo hata Winnipeg hamuifikii. Lakini kadiri betri inavyotoa umeme, asidi inaingia kwenye sahani na kuacha maji yawe mepesi. Ikibaki nusu, yanaganda kwenye nyuzi 25 hivi chini ya sifuri. Ikibaki robo, kama nyuzi 15. Ikiisha kabisa, mle ndani mna maji yaliyobakiwa na asidi kidogo tu, na nyuzi 7 au 8 tu chini ya sifuri zinatosha kuyafanya barafu. Wewe una nyuzi 29.

Barafu ikishajaa, sahani zinapinda, vitenganishi vya katikati vinachanika, na kopo la plastiki linavimba au kupata ufa. Ukiwasha chaja wakati huo umeme unapita pale panapopitika tu, panapata moto na kutoa hewa ya haidrojeni, na ile hewa haina njia ya kutokea kwa sababu juu pamezibwa na barafu. Zile sahani zilizopinda nazo zikigusana, cheche inatokea mlemle ndani.

Nililijua hili kwa njia ya aibu. Ujuzi wangu wa betri niliupata gereji ya Magomeni, Dar es Salaam, ambako adui yetu alikuwa joto, na betri ikilala unaitundika kwenye chaja unaenda kunywa chai. Msimu wangu wa kwanza huku kwenye baridi, mteja akaleta gari limevutwa, mimi nikafungua boneti, nikabana klipu, nikawasha. Mita ya chaja ikapanda juu mara moja na kubaki hapo kana kwamba betri imejaa. Nikafurahi. Baada ya dakika chache nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga theluji ngumu kwa mbali. Bosi wangu, mzee wa huku, alikuja mbio na kuchomoa plagi ukutani, wala hakuigusa betri. Kisha akanishika mkono na kunionyesha ubavu wa betri: ulikuwa umefura kama chapati inavyofura kwenye kikaango, na kwenye kona pana mstari mwembamba mweupe. Ule ulikuwa ufa, na ule weupe ulikuwa barafu ya asidi. Tangu siku hiyo, hapa huku, mkono wangu haufiki kwenye chaja kabla macho hayajazunguka betri nzima.

Kwa hiyo na wewe anza kwa macho. Vaa miwani yoyote, hata ya jua, na glavu. Fungua boneti uangalie pande zote nne. Ubavu ukifura, mfuniko ukiinuka, ukiona ufa au unyevu uliogandia chini kwenye kitako chake, hiyo betri imekwisha, usihangaike nayo tena. Kama ina vifuniko vya kufungulia maji, usivifungue kwa nguvu. Vikigoma ujue vimegandia. Ukiweza kuitikisa kidogo na usisikie maji yakicheza, hiyo nayo ni dalili, ingawa zile betri zilizofungwa moja kwa moja zenye maandishi AGM hazichezi maji hata zikiwa nzima, kwa hiyo kwao kipimo hicho hakina maana. Mwenye mita apime: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 iko nusu, na kuanzia 12.2 kushuka chini kwa baridi yako ihesabu kuwa imeganda mpaka ithibitike vinginevyo.

Maji ya moto nayataja kwa ufupi. Plastiki iliyokakamaa kwa baridi ukiimwagia maji yanayochemka inapasuka, na yale maji yatageuka barafu juu ya vituo vya nyaya na chini ya miguu yako kabla hujarudi ndani na birika.

Ile 50 kwenye chaja, yaani ampea 50, haikuwekwa kwa kuchajia. Imewekwa kwa kuisaidia stata, yaani selfu, dakika moja mbili, kwa betri nzima iliyopungua tu. Magari ya siku hizi yana kompyuta kila kona, na mkondo mkubwa wa chaja ya zamani ni njia nzuri ya kujinunulia gharama nyingine.

Baada ya kuikagua kwa macho, hatua inayofuata ni kuitoa betri na kuiingiza penye joto iyeyuke. Fungua waya wa hasi kwanza, ule mweusi, ndipo wa chanya. Mpangilio huu una sababu: spana ikiteleza ukiwa kwenye chanya wakati hasi bado imefungwa, ikigusa bodi, unapata cheche kubwa ya kuchomelea vyuma. Kwenye Toyota nyingi spana namba kumi inatosha. Vua pete na bangili. Nimeona kidole kilichoungua duara kamili kwa sababu ya pete ya ndoa iliyoshika kati ya spana na chuma. Kituo kikigoma usikipige nyundo, kizungushe taratibu. Betri ina kilo kama 15 hadi 20, kwa ngazi tatu tafuta mtu wa kukusaidia, na ibebeni imesimama wima.

Iweke ndani ya beseni la plastiki, hapo karibu na mlango, mbali na watoto. Beseni ni kwa sababu ufa usioonekana wakati wa barafu utaanza kuvuja ikishayeyuka, na asidi hiyo inakula zulia, nguo na ngozi. Weka karibu soda ya kuokea, ile ya kuumulia mandazi. Ikimwagika asidi inyunyizie mpaka povu likome. Usichanganye na magadi soda ya kutengenezea sabuni, hayo ni makali kwa namna yake. Ikigusa ngozi au jicho, maji ya bomba mengi, dakika 15 au zaidi, na jicho lipelekwe hospitali hata likitulia.

Acha iyeyuke yenyewe siku nzima, saa 24. Usiisogeze kwenye hita, usiipulizie kikausha nywele. Watu wanaigusa baada ya saa tatu, wanaona nje pana joto, wanadhani tayari. Katikati bado ni barafu. Ikishayeyuka ikague upya. Ikivuja popote, ifunge kwenye mfuko mzito ndani ya beseni lake na uipeleke duka la betri. Wanazipokea kwa ajili ya risasi iliyomo, na ukinunua mpya kwa kawaida wanakupunguzia ile amana ya betri kuukuu.

Tuseme haivuji. Je, uichajie sebuleni? Hapana, dada. Kuyeyusha ndani sawa, kuchajia ndani ya chumba wanacholala watoto hapana. Betri inapokaribia kujaa inatoa haidrojeni, ambayo haina rangi wala harufu, inapanda juu darini, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ya swichi ya taa. Kwa chaja ndogo kwenye sebule kubwa ni kweli huwezi kufika huko haraka. Lakini wewe una chaja usiyoijua, ya jirani aliyehama, na betri ambayo huenda sahani zake zimepinda. Betri kama hiyo ikichemka inatoa pia harufu ya mayai yaliyooza, na hiyo ni sumu yenyewe. Wengine wanachajia kwenye veranda, lakini kwa nyuzi 29 betri tupu itaganda tena kabla haijapata chochote.

Kwako wewe ningeipeleka gereji au duka la betri ikiwa bado ndani ya beseni, kwenye gari la rafiki. Wengi wanapima bure au kwa fedha kidogo, na wanachaji. Kama kuna ndugu mwenye gereji ya nyumbani yenye joto, isiyo na moto wa gesi karibu, mlango uachwe wazi kidogo chini, hapo panafaa. Naeleza basi jinsi ya kufanya, maana wako wasomaji wenye nafasi hiyo.

Chaja iwe haijachomekwa ukutani. Klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, zishike vizuri, ndipo uchomeke na kuwasha. Kumaliza ni kinyume: zima, chomoa ukutani, toa nyeusi, toa nyekundu. Kama betri iko ndani ya gari, klipu nyeusi usiiweke juu ya betri bali kwenye chuma kitupu cha injini au bodi, mbali nayo, kwa sababu cheche ya mwisho hutokea pale unapobana. Magari mapya yana kifaa cha kupimia kwenye waya wa hasi, na kubana kwenye bodi kunakifanya kifaa hicho kihesabu sawasawa.

Swichi weka 2. Betri ya saizi ya gari dogo, tuseme ampea-saa 60, ikiwa tupu itahitaji zaidi ya saa 30 kwa mkondo huo, na wengi hawana subira hiyo. Ikishapokea kwa saa kadhaa bila kupata joto unaweza kwenda 10 ukiwa unaiangalia. Chaja za zamani, zile nzito kama tofali, hazijui kujizima. Usilale ukaiacha. Ukigusa ubavu wa betri ukaona moto, au ukasikia inachemka kama sufuria ya maharage, zima. Chaja mpya za kujiendesha zenyewe zina tabia nyingine: ukibana kwenye betri iliyokufa sana zinakataa kuwaka. Watu wanatafuta ujanja wa kuzidanganya kwa kuunganisha betri ya pili. Wakati wa baridi usifanye hivyo kabla ya kujua kama mle ndani mna barafu. Huenda chaja imekataa kwa haki.

Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wanalisahau. Betri baridi inapokea umeme shingo upande. Volti yake inapanda haraka, chaja inaona 14.4, inawasha taa ya kijani na kusema imejaa, kumbe haijafika nusu. Ile 14.4 ni kipimo cha betri ya nyuzi 25 za joto. Kwenye sifuri ingetakiwa karibu 15. Chaja nzuri zina kipimajoto cha kurekebisha hilo, ya jirani yako bila shaka haina. Ndiyo maana nasema ingiza ndani ipate joto kwanza, hata kama haijaganda.

Ikijaa iache ipumzike usiku, pima asubuhi. Ikisoma 12.6, vizuri, lakini volti peke yake hazitoshi. Gereji au dukani wakupimie nguvu ya kuwasha kwenye baridi, ile namba iliyoandikwa CCA kwenye lebo: ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Kwa uzoefu wangu betri iliyoganda mara moja, hata ikipona, haikai sana. Jiandae kununua.

Tena nina shaka nayo kuliko unavyodhani, na hesabu yake ni hii. Gari likiwa limezimwa na kufungwa linaendelea kula umeme kidogo wa alamu na saa, tuseme miliampea 50 kwa nyingi. Zidisha kwa saa 24 kwa siku tisa, unapata kama ampea-saa 11. Betri nzima ya 60 isingekufa kwa hilo. Kwa hiyo ama uliacha taa ya buti inawaka, ama kuna kamera ya dashibodi inayonyonya, ama betri ilikuwa mgonjwa kabla hujapanda ndege. Mimi naweka pesa yangu kwenye la tatu. Unaishi karibu na kazi? Safari ya dakika kumi na hita ya kiti, ya kioo cha nyuma na feni ya ndani vyote vimewashwa, alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, hairudishi kilichotumika kupiga selfu. Siku baada ya siku deni linakua. Wakati mwingine chanzo ni kiangazi: joto ndilo linalokula sahani za betri, baridi inakuja tu kusoma hukumu. Kule Dar betri ya namna hiyo ingekuburuta mwaka mwingine mzima, maana injini ya moto haidai nguvu nyingi.

Mtu akija na gari lake kutaka kukupa moto kwa jampa, zile nyaya za kuunganisha betri mbili, mwambie kwanza betri ikaguliwe, kwa sababu jampa kwenye betri yenye barafu ni hatari ileile ya chaja, pengine zaidi, kwa kuwa wewe umeinama juu yake. Na vile vibetri vidogo vya mfukoni vya kuwashia gari ni vya lithiamu. Kaa nacho ndani ya nyumba, usikiache kwenye gari, wala usikichaji kikiwa baridi chini ya sifuri, kinaharibika kimyakimya.

Safari ijayo, ukijua utaondoka zaidi ya siku chache, fungua waya wa hasi, au bora zaidi toa betri iliyojaa uilaze ndani. Kuna chaja ndogo za kutunza zinazofungwa kwenye gari moja kwa moja na kuchomekwa pamoja na ile hita ya injini, nazo zinafaa sana. Ila muulize msimamizi wa jengo kama soketi za maegesho zinawaka muda wote. Majengo mengi huko yanazizima na kuziwasha kwa zamu ili kuokoa umeme, na chaja nyingine umeme ukikatika haianzi tena mpaka uibonyeze.

Ukifunga betri mpya, chanya kwanza, hasi mwisho. Kisha usiondoke dukani kabla hawajapima alternata injini ikiwaka. Mita isome kati ya 13.8 na 14.7, kwa baridi hiyo ikipanda kidogo hadi karibu 15 si kosa. Ikisoma 12 na kitu, usilipe betri ya pili wiki ijayo, mrudie fundi wa alternata. Na lebo ya ile ya zamani kabla hujaiacha, itazame mwezi na mwaka wake uniandikie.